Kiwanja Chenye Dhiki Kuliko Mimi

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua mliponiacha: nimesimama nyuma ya kaunta, mkono mmoja una mkate, mkono wa pili una kopo la minyoo, na mbele yangu kuna afisa anaandika. Nashukuru wengi hamkunicheka. Walionicheka nawajua.

Kwa aliyeingia leo, nitafupisha. Mimi ni Emil Hudak wa Kesterville, Pennsylvania, niliyekuwa mpuliza chupa mpaka kiwanda cha vioo kilipofunga milango. Naishi ukweni. Tukiacha kupamba maneno, mimi ndiye niliyeolewa. Nyumba ni ya mama mkwe wangu, Bi Ludmila. Juu kuna vyumba vya kulala, chini kuna duka, na katika duka hilo marehemu baba mkwe aliwauzia wavuvi minyoo ya chambo tangu kabla mji haujajua kuandika sheria za ardhi.

Sheria zilipokuja, mtaa wetu ukapakwa rangi ya njano kwenye ramani ya mji. Njano maana yake watu walale, wasichuuze. Duka la minyoo likasamehewa kwa kuwa lilitangulia sheria. Lakini lilisamehewa hivyohivyo lilivyo: minyoo leo, minyoo kesho, minyoo mpaka parapanda ilie. Ukiuza kingine, umevunja sheria. Ukifunga mwaka mzima, haki imekufa na duka linageuka sebule milele.

Sasa mimi minyoo naiogopa. Na mke wangu, Marcella, anaoka kolachi, ule mkate wa kukunja wenye njugu na asali, ambao mwanamume akiutia mdomoni anasahau hata jina la aliyeuoka. Tukaiweka mikate kwenye kaunta. Akaja kijana mstaarabu, akanunua mmoja, akaula palepale, akalamba vidole, ndipo akajitambulisha: Trent Wickersham, afisa wa matumizi ya ardhi. Alikula kwanza, akatufungia baadaye.

Ikabaki njia moja, kwenda mbele ya baraza la ardhi la mji kuomba ruhusa maalumu ya kuuza mkate mahali pa minyoo. Bila mkate hatuna kitu cha kutuweka mjini. Nami nikasomewa kwamba ruhusa hiyo hupewa mtu mwenye dhiki isiyo ya kujitakia.

Nilicheka peke yangu. Kama kuna somo nimelisoma maisha yangu yote, na mwalimu hakuwahi kukosa kipindi, ni hilo.

Siku ya baraza nilipanda juu kumuaga mama mkwe. Tangu avunjike nyonga, hashuki ngazi zile. Ulimwengu wake ni kitanda, dirisha na mimi wa kunisema.

"Mkwe, hiyo tai ya nani?"

"Ya marehemu, mama."

"Nilijua. Ona inavyokataa kukaa shingoni mwako."

"Nipe baraka basi, itulie."

"Baraka nilimpa binti yangu siku alipokuchagua, zikaishia hapo." Akaivuta tai mwenyewe, akainyoosha. "Waambie niliingia chumba hiki bibi harusi. Nitatoka nimebebwa."

"Mama, tunaenda kuomba mkate tu. Chumba chako hakuna anayekigusa."

Chini Marcella alikuwa ameshavaa koti.

"Emil, leo sema kidogo."

"Lini nimesema sana?"

"Siku ya harusi padri alikukumbusha mara mbili kwamba jibu ni neno moja."

Baraza huketi kwenye ukumbi wa zimamoto, ambamo siku za Ijumaa tunakula samaki wa kukaanga. Meza ni zilezile, harufu ni ileile. Mwenyekiti ni Gordon Spangler, daktari wa meno mstaafu. Aliwahi kuning'oa gego huku akiniuliza habari za familia. Wakati ule nilikuwa na koleo mdomoni sikuweza kumjibu. Nikajiambia leo nitamjibu yote.

Nikainua mkono wa kulia, nikaapa kusema kweli, na nikaisema.

Nikaanza na kiwanda. Nikaja kwenye mgongo wangu. Nikaeleza habari za gari langu lililoibwa, likarudishwa kwa sababu mwizi hakulipenda. Nikamtaja daktari wa nyonga, nikamtaja ndugu yangu aliyekwenda Florida akaacha mbwa wake kwangu, nikamtaja na mbwa. Wanawake wawili mstari wa mbele wakatoa vitambaa. Nilikuwa nakaribia utoto wangu pale mwenyekiti alipogonga meza.

"Bwana Hudak, pole sana."

"Ahsante, daktari."

"Lakini hiyo si dhiki."

Nikadhani sikusikia. "Si dhiki? Nirudie ya mbwa?"

"Dhiki inayotajwa na sheria ni ya kiwanja, si ya mwenye kiwanja. Wewe leo upo, kesho hupo. Kiwanja kitabaki. Tunataka kujua ardhi yako ina taabu gani ambayo ardhi ya majirani haina."

"Kiwanja kiwe na taabu?"

"Ndivyo."

"Kiwanja hakijaachishwa kazi, daktari."

Watu wakacheka, naye akacheka kidogo, kisha akaniambia nikae.

Nikakaa. Marcella akanisogelea sikioni. "Umemaliza dhiki zote tulizonazo, na hata moja haikufaa."

"Unaona? Hata dhiki zangu hazina bahati."

Wakaitwa majirani. Akatangulia Dolores Petrak, wa nyumba inayotazamana na yetu, mwanamke anayejua gari la nani limelala kwa nani.

"Sina ugomvi na Hudak," akaanza, nami nikajua tumekwisha. "Lakini wanunuzi wa minyoo walikuwa wakija alfajiri, wanachukua, wanaenda zao mtoni. Hawa wa mkate wanaegesha mbele ya kwangu. Wananusa. Wanapiga soga. Wanakula kwenye ngazi zangu."

"Mkate wenyewe una kasoro?" mwenyekiti akauliza.

"Hauna. Hiyo ndiyo kasoro yake."

Akafuata Stush Novotny, rafiki yangu wa kuvua, niliyemwomba mwenyewe aje kunitetea. Alikuwa amechana nywele. Sijawahi kumwona Stush amechana nywele nje ya msiba.

"Emil ni mtu mwema," akasema. "Na minyoo yake ni minene."

"Kwa hiyo unaunga mkono ombi la mkate?"

"Naunga mkono minyoo. Wakipewa mkate wataacha minyoo, na mimi nitakwenda wapi? Ng'ambo ya mto wanauza minyoo kama nyuzi."

"Stush," nikamwita, "umekuja kunisaidia."

"Nimekusaidia. Si nimesema u mtu mwema?"

Alipokaa, nilihisi ule ukumbi umepungua. Kiwanja hakina la kusema, Dolores hataki mkate, rafiki anataka minyoo. Marcella alikuwa ametazama mikono yake, ile mikono yenye alama za moto wa jiko. Tangu kiwanda kifungwe, ndiyo iliyotulisha.

Ndipo Wickersham, kwa wema wake, akatundika ramani ukutani ili wajumbe waone mahali penyewe.

Sikuwahi kukiona kiwanja chetu kutoka juu. Vingine vyote mtaani vilikuwa vimenyooka kama vipande vya keki vilivyokatwa na mtu mwenye akili timamu. Chetu kilikuwa kile kipande cha mwisho kinachobaki kwenye sinia: pembe tatu, kimebanwa upande huu na barabara ya mto, upande ule na reli, ncha yake imechongoka kama kisigino cha kiatu cha mwanamke.

Nikasimama.

"Mwenyekiti, naomba kuzungumza kwa niaba ya kiwanja."

"Marcella," nikasikia mtu nyuma akisema, "mshike."

Nikamgeukia afisa. "Kijana, sheria inataka nyumba ikae mbali kiasi gani na barabara? Usiniambie. Chora."

Akachora mstari.

"Na reli?"

Akachora wa pili. Mkono wake ulikuwa tayari umeanza kusita.

"Na jirani?"

Akachora wa tatu. Mistari ikavukana kama mishipi ya wavuvi, huu umeupita ule. Katikati, mahali sheria inaporuhusu nyumba, pakabaki doa la wino.

"Hapo ndani pamebaki nini?"

"Hapajabaki kitu, Bwana Hudak."

"Rudia. Stush hakusikia."

"Hapajabaki kitu."

Nikapata moto. Nikawaambia kuhusu treni ya makaa, ambayo ikipita sahani kabatini zinacheza, na sisi tumeshazoea kunyamaza katikati ya sentensi na kuimalizia behewa la mwisho likishapita. Nikawaambia mto ukifurika, wenyeji wa kwanza wanaotembelewa ni sisi. Theluji ya mwaka huu ilipoyeyuka, maji yaliingia dukani bila kubisha, yakapanda ngazi ya ndani mpaka daraja la tatu, yakasimama pale kama mtu anayesikiliza kama wenyeji wapo.

"Kiwanja hiki," nikasema, "kimenyanyaswa na reli, kikapigwa na mto, kikakatwa na barabara, na hakikujitakia hata moja. Mimi nimelalamika hapa nusu saa. Chenyewe hakijawahi kulalamika."

Kutoka kitini kwake Marcella alinifinya paja. Nilidhani ananipongeza.

Msomaji, kila nililosema lilikuwa kweli. Ningekuwa nimedanganya, leo ningekuwa na pa kutokea.

Daktari Spangler aliwatazama wajumbe wake wawili, kushoto na kulia. Wakatikisa vichwa, kukubali.

"Hiyo ndiyo dhiki," akasema. "Ni ya ardhi, ni ya pekee, na haikuletwa na mwombaji. Sheria inaitaka nyumba pale, na pale nyumba haiwezekani. Sioni ubaya duka likiendelea, liwe la minyoo au la mkate."

Stush akapiga makofi, akakumbuka upande aliokuwa, akaacha.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kushukuru pale Wickersham alipoinua kidole. Hakukiinua kwa furaha. Alikiinua kama mtoto aliyeona kitu ambacho afadhali asingekiona.

"Mwenyekiti, kuna kifungu kingine."

"Kuhusu mkate?"

"Kuhusu ngazi. Maji ya mto yakishapanda ngazi ya kwenda vyumba vya kulala, nyumba hairuhusiwi kulaliwa na mtu mpaka iinuliwe juu ya misingi mirefu."

"Basi tutaiinua," nikasema. "Nina mgongo mbaya, lakini Stush anao mzima."

"Kuiinua kunahesabiwa kama ujenzi mpya, Bwana Hudak. Na ujenzi mpya lazima ukae ndani ya mistari."

"Mistari ipi?"

"Hii," akasema kwa sauti ndogo. "Uliyoniambia nichore."

Ukumbi wote ukatazama doa la wino.

"Kwa hiyo nieleze kama unavyomweleza mtu aliyepuliza chupa maisha yake yote," nikamwambia.

"Mkate mnaweza kuuza. Kulala pale hamwezi."

"Mama mkwe wangu yuko juu. Ana nyonga iliyovunjika."

"Itabidi ashuke."

"Ashukie wapi?"

Akapekua karatasi zake. Hakikuwemo kifungu cha hapo.

Nikamrudia mwenyekiti. Nikamwambia daktari, unajua mimi ni mtu wa maneno, naweza kuwa nimeyapandisha maji yale kwa mdomo, ngazi zetu ni fupi, na maji yenyewe yalikuwa ya uvivu. Akaivua miwani. Nilishawahi kumwona akiivua hivyo. Ni kabla ya koleo.

"Umekula kiapo, Emil." Hakuniita Bwana Hudak. "Nimekujua miaka mingi, na sitaki kukuuliza mara mbili. Maji yalifika ngazini, au hayakufika?"

Hebu kaeni kwenye kiti changu. Nikisema yalifika, tunapata duka na mama mkwe anatolewa chumbani mwake. Nikisema hayakufika, kiwanja hakina dhiki, mkate umekufa, na mimi nimesema uongo mbele ya baraza nikiwa nimeinua mkono. Nikinyamaza, kila mtu pale anajua kwamba Emil Hudak akinyamaza kuna jambo.

Nikanyamaza.

Kiti kikakwaruza sakafu kando yangu.

"Niapisheni mimi," Marcella akasema.

"Marcella, si lazima," mwenyekiti akasema.

"Mwenye nyumba ni mama yangu, na siku ile niliyekuwa nyumbani ni mimi. Huyu alikuwa kwa Stush anatazama mpira." Akainua mkono wa kulia, akaapa. Akakunja mikono mbele ya koti lake. "Maji yale hayakutoka mtoni. Niliyamwaga mimi."

Mwenyekiti akainama mbele.

"Yakafika daraja la tatu?"

"Nilikuwa napiga deki."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akaona wenzake hawacheki. Lazima mjue kwamba mke wangu ni mtu ambaye akienda kuungama, padri humuuliza amefuata nini. Miaka yote ya ndoa sijamsikia akisema mkate umeiva kabla haujaiva. Nilimtazama shingoni. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na macho yake yalikuwa kwenye ramani, si kwa mtu.

Dolores Petrak alikuwa anamtazama pia. Yeye anakaa ng'ambo ya barabara, na siku ya mafuriko alisimama dirishani kwake akituhesabia viti vilivyokuwa vikielea kutoka dukani. Nikasubiri asimame. Alifungua mkoba wake, akaufunga, akabaki amekaa. Mpaka sasa sijui kama ile ilikuwa huruma au alikuwa anaweka akiba.

Mwenyekiti akavaa miwani yake.

"Hapa sasa pana kazi," akasema. "Mume ameapa mto ulipanda ngazi. Mke ameapa ilikuwa ndoo. Mmoja wenu ana tatizo na sheria kubwa kuliko ya mkate. Sipigi kura leo. Bwana Wickersham?"

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Maji ya mto huacha nini ukutani?"

"Matope. Mstari wa matope, palepale yalipofikia."

"Na maji ya deki?"

"Hayaachi kitu."

"Nenda kauangalie ukuta huo kesho asubuhi, kabla ya kazi nyingine. Ukija na jibu, nitajua nimwite nani."

Tulirudi kwa miguu kando ya reli. Nilikuwa na mengi ya kusema, na kila nililoshika niliona lina makali. Mwishowe nikasema moja.

"Ungeniacha niseme yalifika. Duka lingepona."

"Na mama angelala kwenye unga?"

"Tungepanga chumba mahali."

"Yeye amwambie nani usiku kwamba treni imechelewa? Wewe unadhani anakaa kwenye chumba. Anakaa na baba." Akatembea kidogo. "Na wewe kwa nini ukaenda mpaka kwenye ngazi? Mistari ilikuwa inatosha, Emil. Pale kwenye doa la wino ulikuwa umeshashinda."

Nilikuwa natetea kiwanja. Hakuna aliyewahi kunisikiliza vile.

Taa ya juu ilikuwa inawaka. Tulipofungua mlango, sauti ya Bi Ludmila ikashuka ngazi kabla hatujavua makoti.

"Mmeupata mkate?"

"Tumeupata, mama," Marcella akasema. "Lala."

Ukawa uongo wake wa pili kwa jioni moja.

Akachukua tochi kwenye kaunta, kando ya minyoo, akaenda mpaka kwenye ngazi, akamulika. Mstari ulikuwepo, rangi ya kahawia, umenyooka sawasawa kutoka mlangoni mpaka daraja la tatu kana kwamba Wickersham mwenyewe ameuchora. Akalowesha kidole kwa mate, akasugua. Akasugua tena kwa pindo la koti lake la kanisani. Ukuta ukalowa, mstari ukazidi kung'aa.

Juu kitanda kililia, Bi Ludmila akigeuka upande.

Marcella akazima tochi. Gizani nikasikia anapumua, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, ileile anayoniulizia kama nimefunga mlango:

"Emil, rangi ya ukuta hukauka baada ya muda gani?"